Jibu: Kwa nini mlio wa 555 (chipu ya kupima muda) unashuka nikiongeza volti mguu wa 5?

Mkuu, hujakosea kuunga waya, chipu inafanya kazi yake. Ndani ya 555 kuna rezista tatu za kilo-ohm 5 zinazogawa umeme, na mguu wa 5 umekaa kwenye theluthi mbili ya volti ya betri. Kapasita ya nje inayopima muda hujaa hadi kufikia volti ya mguu huo, kisha hushuka hadi nusu yake. Ukiinua volti, kapasita inapanda mlima mrefu zaidi, kwa hiyo frikwensi inapungua.

Chukua betri ya volti 9. Mguu wa 5 ukiachwa wenyewe unasoma 6, na muda wa kujaa ni 0.69 RC (jumla ya rezista mbili za nje mara kapasita). Ukiushusha hadi 3 unakuwa 0.22 RC, ukiupandisha hadi 8 unaruka hadi 1.61 RC. Muda wa kushuka ndio haubadiliki, daima 0.69 RC ya rezista ya pili peke yake. Ndiyo maana umbo la mlio nalo linabadilika, na frikwensi haifuati volti kwa mstari ulionyooka. Kwa king'ora inatosha kabisa. Kwa kinanda, utalia wewe kabla ya spika, tafuta 4046, chipu nyingine ambayo frikwensi yake huongozwa na volti.

Halafu ile kapasita ya nanofaradi 10 uliyoweka mguu wa 5, itoe kama unataka volti ibadilike haraka. Na potenshomita (rezista ya kuzungusha) yako ya kilo-ohm 100 inayolisha mguu huo ni dhaifu mno kushindana na zile rezista za ndani. Weka ya kilo-ohm 1, au pitisha volti kwenye opampu (chipu ya kukuza umeme) kwanza.