Njama iliyopakiwa kwenye guta

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni filamu gani ya njama za serikali tuliyoiamini kuliko zote, na kwa nini. Yangu ni Z ya Costa-Gavras, ya mwaka 1969. Ni ya zamani, watu wanaongea Kifaransa mwanzo hadi mwisho, na hakuna jengo hata moja linalolipuliwa.

Kwa ambao hawajaiona: mbunge wa upinzani, daktari kwa taaluma, anakuja mjini kuhutubia mkutano wa amani. Ukumbi waliokuwa wamekodi wanaukosa dakika za mwisho, wanaangukia kaukumbi kadogo. Nje wahuni wamejaa, polisi nao wamejaa, na wahuni wanafanya watakavyo. Mbunge anapovuka uwanja baada ya hotuba, kigari cha mizigo cha magurudumu matatu, ndugu wa guta zetu hizi, kinamjia mbio na mtu aliye nyuma anamtwanga rungu la kichwa. Siku chache baadaye anakufa. Taarifa rasmi: ajali ya barabarani, dereva alikuwa amelewa.

Kisa hiki hakikubuniwa. Mbunge ni Grigoris Lambrakis, aliyewahi kuwa mwanariadha mashuhuri wa kuruka umbali. Alipigwa Thessaloniki, Ugiriki, usiku wa tarehe 22 Mei 1963, akafariki tarehe 27. Vassilis Vassilikos akakiandikia riwaya, na riwaya ikazaa filamu. Kufikia hapo wanajeshi walikuwa wamekwishaipindua serikali ya Ugiriki, Aprili 1967, kwa hiyo kupiga picha huko ilikuwa ndoto. Wakaenda Algiers. Algeria ikatia mkono katika utengenezaji, na ndiyo maana Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni ilihesabiwa kuwa ya Algeria. Muziki ni wa Mikis Theodorakis, ambaye wakati huo utawala wa kijeshi ulikuwa umemfungia kijijini. Na mapema kabisa maandishi yanatokea kwenye skrini: kufanana kokote na watu au matukio ya kweli si bahati mbaya, ni makusudi.

Sasa kwa nini naiamini. Filamu nyingi za aina hii zinampa mkubwa akili za ajabu: amekaa gizani, ana mitambo ya kusikiliza kila simu, ana mdunguaji asiyekosa. Katika Z wakubwa wamekaa kwenye viti mchana kweupe wanasikiliza mhadhara wa kilimo. Mzungumzaji anaeleza ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mizabibu na dawa ya kunyunyizia. Wengine wanasinzia. Kisha anasimama jenerali wa polisi na kusema kuna ukungu mwingine, wa mawazo, nao unataka kunyunyiziwa mapema kabla haujaenea. Hapo hujasikia mtu akisema “mkamuue fulani.”

Anayekwenda kuua ni nani? Dereva ambaye hajamaliza kulipia kigari chake na anaogopa kunyang'anywa. Anayeitwa kuongeza idadi ya wahuni ni muuza matunda mwenye kibanda, na kibanda kinasimama kwa hisani ya polisi. Itikadi wanaijulia wapi? Yeyote aliyewahi kufanya biashara kando ya barabara anajua kwamba swali “hivi kibali chako kinaisha lini?” halihitaji maelezo ya ziada. Hii ndiyo sehemu ambayo filamu za Marekani za siku hizi zinairuka, na bila hiyo mimi siwaelewi wauaji wao.

Inavyofumuka nako ni hivyo hivyo, kwa vitu vidogo. Fundi wa majeneza aliyemsikia dereva akijigamba anaamua kwenda kusema. Njiani anapigwa. Yuko kitandani hospitalini, kichwa kimefungwa bendeji, wakubwa wanakuja kumweleza kwamba aliteleza akaanguka, na dada yake mwenyewe anamkaripia kwa kujiingiza katika siasa. Yeye anashikilia alilolisema. Si shujaa, ni mbishi tu.

Nimekuwa karani wa mahakama sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, kwa hiyo mnisamehe nikikaa hapa. Hakimu mchunguzi, anayeigizwa na Jean-Louis Trintignant, anawaita maofisa mmoja mmoja. Wanaingia na nishani zimejaa kifuani. Yeye hainui sauti. Jina? Jina la ukoo? Kazi? Mashine ya chapa inagonga. Baadaye kila mmoja anatoka amefura, anakimbilia mlango usio sahihi kukwepa wapiga picha, anautikisa, umefungwa, inabidi ageuke apite mbele ya kamera zote. Mmoja anaulizwa kama na yeye ni mhanga kama Dreyfus, yule ofisa Myahudi wa Ufaransa aliyefungwa kwa uhaini asioutenda. Jenerali anafoka: Dreyfus alikuwa na hatia!

Na kuna ile ya chui milia. Mashahidi wa upande wa serikali, kila mmoja kwa wakati wake, wanaeleza kwamba mtu fulani aliruka juu ya kigari kama chui milia. Maelezo ya watu tofauti yakifanana kiasi hicho, karani ndiye wa kwanza kujua kuna mtu aliyeyaandika kabla.

Mpwa wangu niliyeitazama naye anasema maofisa wamechorwa kama vikatuni na hakimu ni msafi mno. La vikatuni namkatalia. Mwite mtu mwenye cheo mbele ya karani umwone. Kasoro yangu mimi ni Irene Papas, mke wa marehemu. Mwigizaji wa uzito ule amepewa kulia na kutazama dirishani.

Halafu mwisho. Mashitaka yamesomwa, watu wanapongezana, ungeweza kuzima. Msizime. Mtangazaji anaanza kusoma yaliyofuata: mashahidi wanakufa mmoja baada ya mwingine, hakimu anaondolewa kwenye kesi, wakubwa wanaponyoka. Kisha inakuja orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku na wanajeshi: vitabu vya Sophocles na Tolstoy, muziki wa Beatles, nywele ndefu, hisabati za kisasa, na herufi Z, ambayo Wagiriki waliichora ukutani kusema Lambrakis yu hai.

Lililotokea baadaye filamu isingeweza kulijua. Hakimu wa kweli, Christos Sartzetakis, alifukuzwa kazi na kufungwa na wanajeshi hao. Mwaka 1985 akawa Rais wa Ugiriki, hadi 1990. Nilipomweleza mpwa wangu hilo, akasema mengine yote sawa, lakini hapo sasa nimetia chumvi.