Maswali ya Wasomaji: Tuko 14 tu, tutaimba nini?

SWALI: Mwalimu shikamoo, Bwana Yesu asifiwe. Niko Moshi, naimba sauti ya tatu kwaya ya usharika. Kwaya yetu ni kubwa, spika za kutosha, kinanda, gitaa la besi, sare mpya kila sikukuu. Sasa kuna wenzetu tuko 14 (hatujagombana na mtu, Jumapili tunaendelea kama kawaida) tunataka kuimba bila vyombo, ile wanaita kwaya ya chemba. Mwenyekiti anasema hayo ni mambo ya wazungu wa kwenye majumba ya kifalme na nyimbo hatutapata. Hizi kwaya zimeanzia wapi, na tuanze na nini? (Teno wa Majengo)

JIBU: Marahaba ndugu yangu, asifiwe sana. Mwenyekiti yuko sahihi nusu. Karne ya 16 kule Italia na Uingereza watu wenye nafasi zao walikuwa wanakaa mezani nyumbani, kila mmoja na kitabu cha sauti yake, wanaimba madrigali (nyimbo za kidunia za sauti kadhaa), mara nyingi mtu mmoja kwa sauti moja na hakuna wa kuwapigia makofi. Ila kwaya ya chemba kama tunavyoijua leo, yaani kwaya ndogo ambayo kila sauti inasikika, ni ya juzi tu. Karne ya 19 ilikuwa ni ukubwa kwa kwenda mbele, pale Crystal Palace London waliimba nyimbo za mtunzi Handel na waimbaji maelfu, sasa fikiria besi 500 wanavyoburuza noti za mbio. Baadaye watu wakataka kusikia kila sauti inafanya nini, ndo zikaja ile ya Uholanzi ya Felix de Nobel 1937, ya Eric Ericson Stockholm 1945, RIAS Kammerchor ya Berlin 1948, halafu Monteverdi Choir ya Uingereza 1964. Zinaimba nyimbo za kale sana na mpya kabisa, hapo katikati kidogo tu.

Lakini inayowahusu nyie zaidi ni Leipzig, mji wa Ujerumani. Wamisionari waliofika Machame 1893 walitumwa na misheni ya Leipzig, na Leipzig ndo mji ambao mtunzi Bach aliongoza muziki kuanzia 1723 mpaka anafariki 1750. Mwaka 1730 huyo mzee aliiandikia halmashauri ya mji barua ndefu ya malalamiko, akasema kila kwaya iwe na watu 12 kwa uchache, watatu kila sauti, na ingependeza wakiwa 16, maana kuna wengine wanaumwa. Nyie mko 14! Mpelekeeni mwenyekiti hiyo.

Kwa hiyo anzeni na kitabu chenu cha nyimbo. Ule wimbo wa Luther wa Zaburi ya 46 mnaujua kwa kichwa, na Bach aliupangia sauti nne zaidi ya mara moja. Tafuteni mpangilio wake mmoja muweke maneno yenu ya Kiswahili, ila kaeni kwanza mhesabu silabi, msije mkabandika silabi dhaifu kwenye pigo zito. Wa kuteseka ni besi. Besi zetu tumezoea do, fa, so, tukirudi do tumemaliza kazi, besi wa Bach anatembea kila pigo kama mtu anayeshuka ngazi gizani, na asipofika kwa wakati wote mnaanguka. Fanyeni mazoezi besi na soprano peke yao kwanza, hizo mbili zikikaa, za katikati zitaingia zenyewe.

Motet yake (wimbo wa kwaya wa maneno ya Biblia) ya Zaburi ya 149, Mwimbieni Bwana wimbo mpya, msiiguse sasa hivi. Ni kwaya mbili, sauti nane, mko 14, mmoja akipata mafua mmekwisha.

Halafu cha nyumbani. Mfurahini Haleluya maneno yake aliandika Bernard Kyamanywa miaka ya 60 akiwa mwanafunzi chuo cha theolojia Makumira, hapo hapo njia ya Arusha, lahani ni ya Kihaya. Leo Wajerumani wanao kwenye kitabu chao, namba 116, yaani wao walituletea za kwao na sisi tukawapelekea Pasaka. Binafsi ningeuweka katikati ya onesho kabisa, sio mwishoni wakati watu wanatafuta viatu vya watoto. Toeni kinanda, mwendo upunguzeni kidogo, mpange sauti wenyewe.

Bila kinanda mtashuka, hilo halikwepeki. Chukueni sauti kwenye simu mwanzoni, mkimaliza ubeti wa mwisho pimeni tena. Mara nyingi wanaolegea ni mi na ti. Na msisimame kwa mistari ya sauti, changanyikeni, teno pembeni ya alto, hapo kila mtu atajijua.

SWALI: Mwalimu, sisi huku Ngaramtoni tunasoma do re mi za herufi tu, nota za mistari hatuzijui. Tunaweza kuimba hao kina Bach? (Mama wa alto)

JIBU: Mnaweza mama yangu. Herufi hizo zilianza na mwalimu Sarah Glover wa Norwich, John Curwen akazisambaza, na makwaya ya wafanyakazi Uingereza yaliimba Handel kwa herufi hizo hizo. Shida ya Bach ni kwamba ngazi inahama kila baada ya mistari miwili, so inageuka do bila hodi. Mwalimu wenu aandike do mpya kwa kalamu nyekundu juu ya mstari, na msipite pale mpaka alto waipate bila kusaidiwa na soprano.