Maswali yenu: kumfariji mjane wa kitajiri enzi za Mfalme Edward VII

Wiki iliyopita niliandika juu ya misiba ya matajiri wa Uingereza wakati wa Mfalme Edward VII, yaani 1901 hadi 1910. Haya ndiyo mliyouliza.

Ningekuwa rafiki yake, ningekwenda kumpa pole siku ile ile?

Ungefika mlangoni tu. Unampa mtumishi kadi yenye jina lako, unaulizia hali ya mfiwa, unaondoka. Walioingia ndani ni jamaa na marafiki wa chanda na pete. Mjane alipojiona anaweza kupokea watu, aliwapelekea kadi za shukrani wote waliomjulia hali. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Kwetu sisi tunaolala matangani na kupika pamoja, ukimya huo unatisha. Namwonea huruma mwanamke yule peke yake ghorofani, akisikia kengele ya mlango inalia na hakuna anayepanda ngazi.

Alivaa nyeusi muda gani?

Kama miaka miwili. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa krepe, hariri yenye mikunjo isiyong'aa, ambayo mvua iliitia madoa na rangi yake ikachujia ngozini. Baadaye kijivu na zambarau hafifu. Dansi na karamu hakwenda. Malkia Victoria, mamake Edward, alikuwa amevaa nyeusi tangu mumewe alipofariki 1861 mpaka kufa kwake 1901, ila kizazi kilichofuata kilianza kulegeza.

Na barua ya rambirambi?

Fupi, na ifike mapema. Mtaje marehemu kwa jina, kumbuka jambo moja jema alilotenda, wala usidai majibu. Mjane mwenyewe aliandika kwenye karatasi yenye ukingo mweusi, nao ulipungua upana kadiri miezi ilivyopita, hivyo rafiki makini aliisoma hali yake kabla ya kufungua bahasha.

Kipi kilimuuma zaidi, ukiacha kifo chenyewe?

Nyumba. Cheo na shamba vilikwenda kwa mrithi, mara nyingi mwanawe, na mkewe mrithi akawa ndiye bibi wa nyumba. Mama akahamia nyumba ndogo zaidi, pengine ndani ya shamba lile lile, akiyatazama kwa mbali madirisha ya chumba alichozalia watoto wake. Hata malkia hakuepuka. Edward alipofariki tarehe 6 Mei 1910, mkewe Alexandra aliuacha mwili chumbani kwa zaidi ya wiki moja. Baadaye ilimbidi atoke jumba la kifalme la Buckingham Palace arudi Marlborough House, nyumba waliyoishi kabla Edward hajawa mfalme, na hakuharakisha.

Wakati huo wa kuhama ndipo rafiki alipohitajika hasa, miezi mingi baada ya kadi kwisha. Angemsaidia mjane kufunga masanduku, na mwenzake akisimama kimya mbele ya meza ya marehemu, angemngoja bila kumharakisha.