Anza na Chesisi: Maneno kwa Anayetaka Kuunda Lori Dogo la Jeshi

Sisi tuliokua tukisukuma gari la waya lenye matairi ya ndala huingia kwenye kazi hii ya kuunda malori madogo ya mfano na kiburi kidogo. Tunajiambia kwamba nusu ya ufundi tunao tayari, kilichobaki ni subira. Mimi kiburi hicho kilinigharimu lori zima, ndiyo maana naandika.

Lori langu la kwanza nililianzia kwenye kebini, kwa sababu kebini ndiyo sura. Wiki tatu nachonga milango, dashibodi, hata mkono wa kuteremshia kioo. Ilipokamilika nikaiweka juu ya kabati la vyombo ili kila mgeni aione. Kisha nikaunda chesisi, yaani fremu ya chini ya kuibeba, na kebini ikakataa kukaa. Upande mmoja ukilala, wa pili unanyanyuka. Chesisi ilikuwa imejipinda kama muwa, na hakuna kebini nzuri inayoweza kuficha hilo.

Kwa hiyo ukitaka kuunda lori bila kununua seti ya kiwandani, kila kipande kikatoka mkononi mwako, anza chini. Chesisi, springi, ekseli, matairi. Mtu anayeyajua malori akitazama kazi yako, kabla hajaona mlango wala taa, ameshaona linavyosimama. Likisimama vizuri atakusamehe mengi.

Kwa anayeanza napendekeza GMC CCKW, lori la Marekani la tani mbili na nusu la Vita Kuu ya Pili. Yalitengenezwa zaidi ya laki tano, hivyo picha zake zimejaa kila pembe na mengine bado yanatembea mikononi mwa wakusanyaji. Askari waliliita Jimmy. Ndilo lililobeba mzigo wa Red Ball Express, ule msafara wa malori ulioanza Agosti 1944 kupeleka mafuta, risasi na chakula kwa majeshi yaliyokuwa yakisonga mbele Ufaransa, ukafungwa Novemba mwaka huohuo. Karibu robo tatu ya madereva wake walikuwa Wamarekani weusi, na wengi walichomoa kidhibiti mwendo kwenye injini ili lori likimbie kuliko wakubwa walivyotaka. Hilo peke yake lilinitosha kulipenda. Lakini sababu ya kulipendekeza ni ya kifundi: bampa lake ni bapa, bodi lake la mizigo ni sanduku, na maumbo ya mviringo yanayosumbua ni machache.

Chagua lori moja, la wakati mmoja, ushikamane nalo. CCKW za mwanzo zina kebini ya bati iliyofungwa. Kuanzia 1943 ikaja kebini ya wazi yenye paa la turubai, ambayo ni rahisi zaidi kwako. Bodi la mizigo lilikuwa la chuma, likaja la mbao kwa kuokoa chuma. Ekseli nazo ni za aina mbili: kuna yenye difu (sanduku la giya la katikati ya ekseli) la mviringo kama sahani, na kuna ile ambayo nyumba ya difu imegawanyika katikati na kufungwa kwa bolti. Ukichanganya picha za malori matatu utapata lori ambalo halikuwahi kutoka kiwandani, na siku utakapomwonyesha mzee mmoja mwenye miwani atakwambia hivyo kwa upole unaouma.

Sasa vipimo. Mimi nafanya skeli ya 1:24, yaani kila kipimo cha lori halisi nakigawa kwa ishirini na nne. Wengi wanaounda vitu vya jeshi hutumia 1:35, ila kwa mikono inayojifunza, 1:24 ina huruma. Tena ina faida moja: vipimo vya Kimarekani viko kwa inchi, na inchi moja ya lori halisi inakuwa milimita 1.06 mezani kwako. Kitabu cha ufundi cha jeshi la Marekani cha lori hili kinaitwa TM 9-801, kinapatikana bure mtandaoni, na mna picha za karibu kila kifaa. Kiamini hicho kuliko mchoro uliopakuliwa kusikojulikana. Mchoro unaweza kuvutwa na printa upande mmoja bila wewe kujua. Kabla ya kukata chochote, pima kwenye karatasi kitu ambacho urefu wake unaujua, kwa upana na kwa urefu, uone kama vyote viwili vinakubaliana na hesabu.

CCKW ndefu, ile inayoitwa 353, ina inchi 164 kati ya ekseli ya mbele na nyuma. Kwa 1:24 ni milimita 173.6. Hapo ndipo nilipochemka kwenye lori la pili. Nilipima 173.6 kutoka ekseli ya mbele hadi ekseli ya kwanza ya nyuma, nikaweka ya pili baada yake. Likatoka refu kama basi la mkoani. Nilikaa nalo siku nne nikihisi kuna kitu hakipo sawa, nisijue ni nini, hadi nilipolisoma upya jedwali la vipimo. Kwenye lori la ekseli mbili za nyuma, kipimo hicho kinaishia katikati ya hizo mbili. Nilikuwa nimezidisha zaidi ya sentimita mbili. Chesisi nikaikata kwa msumeno, nikaiunga, na kovu lake bado lipo chini ya bodi.

Kuhusu malighafi, usisubiri plastiki ya kuagiza. Nenda kwa mafundi wa mabango, omba makapi ya ubao wa PVC; wengi watakupa bure au kwa bei ya soda. Kwa plastiki nyembamba, geuza vyombo vya mtindi na vya keki utazame pembetatu iliyochapwa chini. Yenye namba 6 ndiyo unayoitaka: inakatika kwa wembe, inakunjika kwa moto mdogo, na inaungana kwa tone la thina ya rangi ya magari, kwa sababu thina inaiyeyusha na vipande viwili vinakuwa kimoja. Yenye namba 5 iache, haishiki gundi yoyote ya kawaida. Fanya kazi hiyo dirishani. Thina haina utani na kichwa.

Reli za chesisi zina umbo la mfereji. Usijaribu kuzikunja, unganisha vipande vitatu vyembamba, mgongo mmoja na midomo miwili, juu ya kipande cha kioo cha dirisha. Kioo hakidanganyi kama meza ya mbao. Zilaze reli mbili sambamba, ziweke uzito (mimi hutumia betri kuukuu za redio), gundisha vyuma vya kukingama, kisha ondoka. Ondoka kabisa, nenda ukalale. Chesisi yangu ya kwanza ilijipinda kwa sababu niliinyanyua baada ya dakika kumi kuitazama.

Springi nakata kwa kadi ya plastiki, zile za benki zilizokwisha muda, jani moja moja, kila moja fupi kuliko la juu yake, na ncha nazipitisha msasa ziwe duara. Usichore majani kwa kalamu. Hesabu majani kwenye picha, ukate idadi hiyohiyo.

Matairi ndiyo mlima. Lori hili lina tairi kumi: mbili mbele, nane nyuma, na la akiba juu yake. Saizi ni 7.50-20, yaani rimu ya inchi 20, na tairi lenyewe linakaribia inchi 36 kwenda juu, kwa hiyo mezani ni kama milimita 38. Kuchonga kumi na moja yanayofanana haiwezekani, na usijitese. Chonga moja tu, ulipe muda wote linalotaka. Langu nilipanga duara za plastiki moja juu ya nyingine, nikapitisha msumari katikati, nikalibana kwenye drili na kuligusisha msasa likizunguka hadi mabega yakawa mviringo. Meno ya tairi nikayakata kama punje za mchele na kuyabandika moja moja kwa kibanio cha nyusi cha mke wangu, ambacho baadaye nililazimika kununua kingine.

Ukishapata moja, tengeneza kalibu. Nunua silikoni ya mafundi wa aluminiamu, ile inayonuka siki, uikande na konflawa ya jikoni hadi iwe kama donge la chapati. Paka tairi lako mafuta ya mgando kidogo sana, ulizamishe nusu ya kwanza, acha ikauke, paka mafuta juu yake, ufunge nusu ya pili. Mimina humo rezini ya mafundi wa faiba waundao boti. Uwiano wa kikausho uulize hukohuko unakonunua, kwa sababu ukizidisha inachemka na kupasuka, ukipunguza inabaki kunata wiki nzima. Fanya nje, na vaa glavu. Matairi yangu matatu ya kwanza yalikuwa na matundu ya hewa kama mkate wa ajemi. La nne lilitoka safi, nikalishika mkononi njia nzima hadi dukani kununua vocha.

Lori likishakuwa na miguu yote, lirudishe kwenye kioo. Chini ya kila tairi weka kipande cha gazeti, kisha vuta kimoja kimoja. Kinachotoka bila kukwama kinakwambia tairi hilo linaelea. Rekebisha pale kwenye springi, sasa hivi, kabla hujaweka kitu kingine juu.

Kuhusu bati, kumbuka kwamba madigadi ya milimita 1.5 kwenye lori halisi inapaswa kuwa milimita 0.06 kwako. Plastiki haifiki huko. Tumia bati la kopo la soda, au plastiki ya kawaida iliyopunguzwa kwa tupa upande wa ndani, pale ukingoni tu panapoonekana. Jicho linasoma ukingo, halisomi kilichofichika. Vichwa vya ribiti ni tone la gundi nyeupe ya mbao kwenye ncha ya sindano, na kupanga ishirini kwenye mstari mmoja kunahitaji siku ambayo hujanywa kahawa.

Injini sitaisemea sana. Kama boneti haifunguki, iache. Turubai ni karatasi laini ya shashi iliyolowekwa gundi nyeupe yenye maji na kulazwa juu ya pinde za waya. Ikikauka ina mikunjo ambayo usingeweza kuichora.

Kwenye rangi, anza na praima ya kijivu hata kama unaona haina kazi; ndiyo itakayokuonyesha mikwaruzo uliyoipuuza. Kijani cha jeshi la Marekani ni cha giza, karibu na kahawia, na kwenye kitu kidogo kinaonekana cheusi zaidi, kwa hiyo kiongezee nyeupe au manjano kidogo. Nyota nyeupe usiichore kwa mkono. Kata tundu lake kwenye utepe wa karatasi na upitishe rangi kavukavu kwa sponji.

Halafu vumbi. Lori langu la tatu, lile lililosimama vizuri kwa mara ya kwanza, nilichukua udongo wa nyuma ya nyumba, nikausaga, nikauchekecha kwa soksi na kulipaka magurudumu na madigadi. Likapendeza ajabu. Rafiki yangu fundi akalitazama, akaniuliza Normandy iko mkoa gani. Udongo wetu ni mwekundu, nyota ya Marekani mlangoni, na mimi nilikuwa nimeliandikia kibao cha Ufaransa 1944. Tope la kule liko kwenye kahawia iliyopauka. Nilililosha kwa mswaki jioni ile, nikasaga chaki nyeupe na unga wa mkaa, nikachanganya na vumbi letu hadi wekundu ukafa.

Siku hizi kabla ya kusema nimemaliza, naweka simu mezani, lenzi ikiwa usawa wa bampa, napiga picha kutoka mbele. Mara ya mwisho picha ilinionyesha taa ya kushoto iko juu kuliko ya kulia kwa unene wa kucha. Kwa macho nilikuwa nimeitazama mwezi mzima. Nikachukua wembe, nikaing'oa.