Daftari la sala si ratiba ya siku

Mleta mada, umesema kila usiku ukimaliza sala unaandika kwenye daftari, na ukirudi kusoma unakuta ratiba tu: niliamka, nikaenda kazini, foleni ilikuwa kubwa, nikarudi, nikalala. Unaona pakavu, na unauliza uache au uendelee. Mchangiaji mmoja amekushauri uache, kwamba sala ni ya moyoni na Mungu hahitaji kuandikiwa. Ni kweli hahitaji. Ila sisi tunasahau upesi mno, na mimi nakuomba usiache. Badilisha tu unachokiandika.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi, Mkatoliki, na nimekuwa na daftari la namna hii kwa miaka kadhaa sasa. Nilifundishwa kwenye mafungo, yaani siku za kujitenga kwa ajili ya sala. Kabla ya hapo nilijua kuchunguza dhamiri kwa namna tunayofundishwa tukijiandaa na Komunyo ya kwanza, yaani kuorodhesha dhambi kabla ya kwenda kuungama. Sista aliyetuongoza alituambia hiyo ni sehemu moja tu ya jambo kubwa zaidi, akatusimulia habari za Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Nitazieleza kidogo, kwa sababu jibu la swali lako limo humo.

Inyasi alikuwa askari wa nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania, mtu wa majivuno na upanga. Tarehe 20 Mei 1521, kwenye vita vya Pamplona, risasi ya mzinga ilimvunja mguu. Akabebwa mpaka kwao Loyola, akalala kitandani miezi. Aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa wa farasi, nyumba nzima havikupatikana. Wakampa maisha ya Kristo na habari za watakatifu. Basi akawa anasoma, anaacha, anawaza. Saa nyingine aliwaza mwanamke mmoja wa ukoo mkubwa na mambo atakayoyafanya ili ampendeze. Saa nyingine aliwaza kuishi kama watakatifu Fransisko au Dominiko. Mawazo yote mawili yalimfurahisha wakati anayawaza. Tofauti aliiona baadaye: yale ya kwanza yakipita yalimwacha mkavu na bila raha, haya ya pili yakipita yalimwacha na furaha ambayo haikuondoka. Kila alichokuja kufundisha kuhusu kupambanua roho, yaani kutambua msukumo upi unatoka kwa Mungu na upi hautoki kwake, kilianzia hapo kitandani.

Na alikuwa anaandika. Alijitengenezea kitabu cha karatasi karibu 300, akawa ananakili kwa mwandiko mzuri yale yaliyomgusa, maneno ya Kristo kwa wino mwekundu na maneno ya Bikira Maria kwa wino wa bluu. Picha hiyo naipenda sana, askari mwenye mguu uliovunjika anayebadilisha wino taratibu.

Sasa turudi kwenye daftari lako. Wewe unaandika kilichotokea. Jaribu kuandika kilichobaki moyoni baada ya kutokea.

Nikupe mfano wa kazini kwangu. Zamu inapoisha tunajaza kitabu cha ripoti ili tuwakabidhi wanaoingia. Pale unaandika: uzazi wa tatu, amejifungua salama saa tisa na dakika arobaini usiku, mtoto wa kike, kilo 2.9, kondo limetoka lote, damu kiasi cha kawaida. Ndivyo inavyotakiwa, na maisha ya mtu yanategemea usahihi huo. Lakini usiku huohuo kwenye daftari langu niliandika hivi: "Bibi aliyemleta binti yake alinishika mkono bila kusema neno. Nilitaka kuutoa niendelee na kazi, nikauacha. Tangu saa ile mpaka nafika nyumbani moyo umetulia. Bwana, ni wewe?" Kilo za mtoto hazimo, saa haimo. Na hadi leo nikiisoma, nauona mkono wa yule bibi, kucha zina hina iliyofifia.

Siku nyingine niliandika: "Nimesifiwa kwenye kikao cha asubuhi mbele ya wote. Nilifurahi mno. Kufika mchana nimekuwa mzito, sina hamu ya kusali wala ya kuongea na mtu. Kwa nini?" Swali hilo sikulijibu. Sista alitukataza kujijibu haraka.

Kuhusu utaratibu, kitabu cha Inyasi cha Mazoezi ya Kiroho, ambacho Papa Paulo wa Tatu alikiidhinisha mwaka 1548, kinatoa hatua tano: kumshukuru Mungu kwa mema uliyopokea, kuomba neema ya kuziona dhambi zako na kuziacha, kuipitia siku saa kwa saa tangu ulipoamka, kuomba msamaha, kisha kukusudia kurekebisha na kufunga kwa Baba Yetu. Mimi nakazia shukrani itangulie. Ukianza na makosa, daftari linageuka kesi mahakamani, na baada ya muda utalikimbia. Robo saa inatosha, na wino uwe mchache. Mimi ninayeingia zamu za usiku siwezi kusema "kila siku kabla ya kulala", kwa hiyo naandika nikishamaliza kukabidhi, kabla sijapanda daladala, kwenye benchi iliyo karibu na geti. Wewe tafuta wakati wako, mradi uwe umepangwa na ulindwe.

Lakini kuna jambo ambalo wengi tunaliruka, na kwa maoni yangu ni nusu ya kazi yenyewe: kurudi kusoma. Siku moja moja haisemi kitu. Ni mpaka uziweke pamoja.

Kuna kipindi nilipewa nafasi ya kuondoka wodini niende ofisini, kazi ya kuratibu, posho nzuri, hakuna zamu za usiku. Kila niliyemuuliza aliniambia chukua, na mama yangu ndiye aliyesisitiza zaidi. Nikaomba nipewe muda. Nikachukua daftari, nikakaa nalo alasiri nzima nikisoma kurudi nyuma, na kalamu nyekundu mkononi. Kila palipoandikwa kwamba amani ilibaki mpaka kesho yake nilipiga mstari. Mistari mingi iliangukia kwenye vitanda, kwenye kuosha mama aliyetoka damu, kwenye kukaa na aliyepoteza mtoto. Vikao, semina na pongezi viliandikwa kwa furaha kubwa na siku ya pili vilikuwa vimekauka. Sikusikia sauti yoyote kutoka mbinguni. Niliona mwandiko wangu mwenyewe, ulioandikwa siku ambazo sikuwa nafikiria uhamisho wowote, kwa hiyo haukuwa na sababu ya kunidanganya. Nikabaki wodini. Sisemi kila mtu abaki. Mwenzangu mmoja alifanya hivyohivyo akaona njia yake ni kufundisha chuoni, na leo anafundisha kwa moyo wote.

Nikuongezee mfano wa mtu mwingine, kwa sababu wengi husema kazi inawabana. Dag Hammarskjöld, yule Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kutoka Sweden, alikufa kwenye ajali ya ndege karibu na Ndola tarehe 18 Septemba 1961, akiwa njiani kwenda kukutana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, ili mapigano ya huko yasimame. Wazee wa Kongo na Zambia wanayajua haya vizuri. Baada ya kifo chake, kwenye nyumba yake New York ilikutwa miswada aliyoiandika kwa miaka mingi, pamoja na barua kwa rafiki yake ikieleza kwamba ni kumbukumbu ya majadiliano yake na nafsi yake na Mungu. Ilichapwa mwaka 1963. Ukiisoma unashangaa: mtu aliyekaa na marais, aliyeshughulikia migogoro ya Suez na Kongo, hasemi karibu chochote kuhusu kazi yake. Hakuna vikao, hakuna majina ya wakubwa. Kuna sala, maswali kuhusu majivuno yake, upweke, shukrani. Ratiba ya siku zake ilikuwa imeshaandikwa na makatibu na magazeti, hakuwa na haja ya kuirudia.

Na kwa ndugu zetu Waislamu walioingia kwenye mada hii wakiuliza kama jambo hili ni la Wakristo peke yao, hapana. Dada mmoja ninayefanya naye kazi ana muhasaba wake, yaani kuihesabu nafsi yake, kila baada ya Isha, na tumeshazungumza sana juu ya hili tukisubiri chai ya alfajiri. Alinisomea aya ya 18 ya Suratul Hashr, kwamba kila nafsi iangalie ilichokitanguliza kwa ajili ya kesho, na maneno yanayopokewa kutoka kwa Seyyidna Umar, kwamba zihesabuni nafsi zenu kabla hamjahesabiwa. Ndiye aliyeniambia kuwa Imam Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu, anaifananisha nafsi na mshirika wa biashara: asubuhi unapatana naye masharti, mchana unamwangalia, jioni mnafanya hesabu. Hilo la kupatana asubuhi nimelichukua kwake, na limenisaidia. Kabla sijavaa sare naandika mstari mmoja tu wa ninachomwomba Mungu kwa zamu hiyo.

Umeuliza pia kuhusu siri, maana unaishi na watu. Inyasi mwenyewe, alipokuwa anamsimulia Padre Gonçalves da Câmara, mwenzake wa shirika la Wajesuiti, maisha yake, alimwonyesha bunda kubwa la maandishi yake ya sala na kumsomea kidogo, lakini alipoombwa aliache lisomwe alikataa. Sehemu ya shajara yake iliyobaki, ya mwaka 1544 na 1545, mbele huko imekuwa tarehe na alama fupi tu za siku alizojaliwa machozi katika sala. Nawe tumia alama na herufi zako. Dhambi nzito zipeleke kwenye kitubio, zisikae kwenye karatasi. Makosa ya wengine usiyaandike kabisa, na mimi jina la mgonjwa haliingii kwenye daftari langu hata mara moja. Kwa udhaifu unaojirudia, Inyasi alichora mistari, kila siku na mistari yake miwili, akaweka nukta kila anapoteleza, kisha analinganisha siku na siku, wiki na wiki. Na pale pale unapoteleza, anasema, weka mkono kifuani kwa majuto. Nimefanya hivyo wodini katikati ya watu, na hakuna anayejua.

Mwisho ni hili la ukavu. Katika kanuni zake Inyasi anasema wakati roho imekauka usibadilishe ulichokusudia ulipokuwa na faraja. Wewe ulianza daftari hili, kwa maneno yako, baada ya Pasaka ukiwa na moto. Sasa umekauka na ndipo unapouliza uache. Subiri. Siku ambayo hukuona kitu, andika "leo sikuona kitu", weka tarehe, funga daftari, lala. Hiyo nayo ni sala, na ukija kuisoma miezi ijayo itakuambia jambo.

Usiku wa leo usianze na "niliamka". Anza na jambo moja unalomshukuru Mungu, liwe na uso wa mtu au kitu ulichokishika. Halafu andika ni wakati gani wa leo ambao bado unauhisi kifuani, uwe mzuri au mchungu, na umekuacha vipi. Jumapili jioni soma wiki nzima ukiwa na kalamu ya rangi nyingine. Ukikwama, uliza hapahapa, nitajibu nikitoka zamu.