Re: Paka wangu ananivizia miguu, anafurahi au ana hasira?
Ndugu yangu, umesema paka wako hujificha nyuma ya pazia, anakurukia miguuni, anang'ata kidogo kisha anatoka mbio. Huyo anacheza, tena kwa raha zake. Mtazame makucha: paka anayecheza huyaficha, unaguswa na nyayo laini tu. Masikio yanaelekea mbele, na kabla ya kuruka anatikisa makalio huku na huku. Wangu hufanya hivyo, anaruka, anakosa, anarudi tena. Kule kurudi ndiko ninakokuamini kuliko ishara nyingine, maana paka aliyechukia haombi mchezo mara ya pili. Akilaza masikio, akichapachapa mkia au akitoa ile sauti ya "khhh", mwache apumzike.

Ila tafadhali usimzoeze kuwinda miguu yako. Funga kitambaa kwenye kamba, kiburute polepole kama panya anayenyemelea ukutani, dakika 10 hivi, na mwishoni mwachie akikamate kabisa. Paka ni mwindaji, asipokamata kitu anabaki na hamu. Mkimaliza, ifiche kamba. Akiimeza inaweza kumkata utumbo.