Shangazi, nikope ili mume wangu apungwe pepo?

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu alikopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, akashindwa marejesho, bajaji ikachukuliwa. Tangu hapo halali, chakula hagusi, anashinda kageukia ukutani. Mama mkwe anasema pepo wa ukoo anadai ngoma. Fundi ametaja mbuzi, kaniki, marashi na ubani. Pesa hatuna, mama anataka nami nikope. Nifanyeje? Mama Watatu, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana.

Usikope. Ngoma ikiisha wadai watarudi mlangoni, safari hii wakikuulizia wewe.

Mama mkwe wako simbezi hata kidogo. Ngoma za pepo nimeziona zikiinua watu. Mgonjwa anakalishwa katikati, anafukizwa ubani, anaimbiwa, pepo anaulizwa anataka nini. Kwa kinywa cha pepo mtu anayatoa ambayo mwenyewe asingethubutu kuyasema. Mwanamume aliyeshindwa kulisha wanawe anapata wapi pengine pa kusikilizwa usiku kucha bila kuitwa mvivu?

Kwa hiyo mwambie mkweo: "Mama, nimekusikia. Tuanze na kisomo na kombe, ngoma itusubiri." Zafarani kidogo, sahani nyeupe na maji ya waridi vinatosha, mwalimu wa madrasa ataandika aya, zioshwe, mumeo anywe. Kaka zake waje walale hapo, wazungumze naye. Ila fundi yeyote akianza kumtaja jirani kuwa ndiye mchawi, ondokeni. Hiyo ni ramli chonganishi, na serikali imeipiga marufuku.

Kombe halizuii hospitali. Kukosa usingizi na hamu ya kula namna hiyo huenda ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na sonona inatibika. Mpeleke hospitali ya Bombo hapo Tanga, uliza huduma ya afya ya akili, na kama ameshakunywa dawa za miti mwambie daktari.

Usiku wa leo muulize, kwa upole na waziwazi, kama anawaza kufa. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikubali, asiachwe peke yake hata dakika. Toa sumu ya panya na dawa zote ndani, mwende hospitali usiku huohuo.

Deni nalo lisikae gizani. Chukua mkataba, nenda kwa mtendaji wa mtaa, uliza kama mkopeshaji ana leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo. Wengi wa kausha damu hawana.

Niandikie mkishaonana na daktari.